Kiwanja Chenye Mgunga

Habari ya kifo cha Garmi mint Elwali ililetwa na dereva wa lori aliyetoka Tagant na mzigo wa tende. Alishusha mzigo wake sokoni, akauliza nyumba ya Salka, akaja akasimama mlangoni kwangu. Alisalimia kama tunavyosalimiana sisi, akaulizia watoto, joto, usingizi, mbuzi, akarudi tena kwa watoto, na mimi kwa kila swali nikijibu kheri, kheri, huku nikingoja habari yenyewe, maana mgeni hakutafuti kwa jina kama hana neno. Mwishowe akasema, "Garmi ametangulia mbele ya haki. Walimzika kwao, kabla ya mvua."

Nilimpa chai. Alikunywa glasi zote tatu, kwa kuwa si adabu kuondoka kabla ya ile ya mwisho, kisha akaenda zake.

Ethman aliporudi kutoka kazini nilimwambia. Garmi ndiye aliyemzaa. Akasema, "Mungu amrehemu," akaenda kunawa. Alisema kwa upole, kama mtu anavyosema akisikia msiba wa jirani. Hilo ndilo lililonikosesha raha, na ndilo linalonifanya niyaandike haya.

Mji wetu wa Agelt Lahmar haukuwa mji. Ilikuwa kambi ya watu waliotengeneza barabara ya lami. Walipomaliza kipande chao walihamia mbele, wakaacha kisima chenye mashine na vibanda vya mabati. Halafu ukaja ukame. Watu waliopoteza mifugo walikuja kupiga mahema kando ya lami, kwa sababu kwenye lami hupita malori, na kwenye malori hupita unga. Mimi nilikuja mapema kidogo, mume wangu akiwa dereva. Garmi alikuja baadaye na hema lake, mtoto wake Ethman ambaye meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka, na mbuzi wachache waliokonda. Ngamia wake wa mwisho alilala njiani akakataa kuinuka. Yeye na mume wake walikuwa wameachana kama wengi wetu tulivyowahi kuachana, bila kelele. Hema ni la mwanamke, kwa hiyo mwanamume akachukua tandiko lake akaondoka.

Alipiga hema karibu na langu. Alikuwa mwanamke mnene wa sauti, mwembamba wa mwili, na hilo la wembamba alilitania mwenyewe.

"Mama yangu alininywesha maziwa utotoni mpaka nikatapika, ili ninenepe niolewe vizuri," alinieleza siku ya kwanza. "Ukame umemrudishia maziwa yake yote."

Kazi yake ilikuwa kushona mahema. Si yale ya sufu nyeusi ya zamani. Haya ni ya kitambaa cheupe, vipande vinaunganishwa, na kwa ndani vinatiwa viraka vya rangi. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Alipokuwa akishona alizungumza bila kukoma, na Ethman alilala kwenye kitambaa kilichomwagika miguuni kwake, hata ikawa kila akimaliza kushona lazima amvute mtoto kwanza ndipo akunje kazi.

Serikali ilipotuambia tuchague halmashauri, tulichagua. Wakaja wapimaji, wakatupangia viwanja kwa mawe yaliyopakwa chokaa. Kila mwenye hema akaonyeshwa chake. Kiwanja cha Garmi kilikuwa jirani na changu na kilikuwa na mgunga, mti pekee mkubwa katika mtaa wetu. Wengine hawakuutaka, wakisema chini ya mti ni mahali pa wapita njia, hutakaa hata siku moja bila kumchemshia mtu chai. Garmi aliutaka kwa ajili hiyo hiyo, na kwa ajili ya mtoto.

"Shule itafunguliwa mwakani," alisema. "Atasomea hapa kivulini, nami nikimwona. Sitaki kumpeleka kwa ndugu yeyote. Mtoto aliyelelewa kwa watu hurudi akiwa mgeni."

Nilimwelewa. Mimi nami nina watoto, na tangu walipozaliwa sijalala usingizi wa kutosha.

Halmashauri ilikutana chini ya hema kubwa karibu na kisima, nasi wanawake tukikaa upande mmoja tukisikiliza na kuchangia, maana huku kwetu hakuna wa kumwambia mwanamke anyamaze hemani. Waliamua soko likae wapi, shule ikae wapi, taka zitupwe wapi. Wakaamua kila mtaa upate bomba moja la maji na mahali pamoja pa miti pa kupumzikia watu wote. Mgeni mmoja kutoka mji mkuu alikuwa amewaambia kwamba pasipo na bustani ya umma si mji, ni kambi tu, na neno lile liliwachoma.

"Bustani!" alisema mzee Yahdih, aliyekuwa mpiga mbiu wetu. "Mbuzi watafanya harusi."

"Tutaweka uzio," mwenyekiti akajibu.

"Basi watafanya harusi nje ya uzio, wakingoja."

Watu walicheka. Lakini azimio lilipita. Likapita na jingine: bomba na bustani vitawekwa kwenye viwanja vitakavyokutwa vitupu. Kulikuwa na watu waliochukua viwanja wakaenda zao, wakingoja vipande vile viwe na thamani. Kwa hiyo Yahdih alizunguka mahema yote akitangaza kwamba wakaguzi watapita mwisho wa mvua, na kiwanja ambacho hakina mtu siku hiyo kitarudi kwa halmashauri. Nilidhani ni amri ya haki. Mpaka leo sijui ningeipingaje.

Tende zilianza kuiva. Msimu huo kila mwenye ndugu kwenye mabonde ya mitende huenda kula tende na kunywa maziwa mpaka mwili urudi. Mama yake Garmi alituma salamu kutoka Tagant kwamba macho yamemwishia na anamtaka binti yake. Garmi akaanza kulikunja hema.

Nilikwenda kumsimamia. "Dada, wewe ulimsikia Yahdih au hukumsikia?"

"Nilimsikia. Yule hata ngamia waliokufa humsikia."

"Basi liache hema."

"Nikalale chini ya nini kwa mama? Kaka yangu ana hema moja na wake wanaobadilika kila mwaka. Nikifika na mtoto nikalale wapi?"

"Basi niachie Ethman, awe ndiye mtu wa kiwanja."

"Bibi yake anataka kumpapasa uso kabla hajafa." Alinitazama akatabasamu. "Salka, wewe ukipewa jua utaogopa kiza na ukipewa kiza utaogopa jua. Vitu vyangu vitabaki mtini. Nani atasema hapa hakuna mtu?"

Akavipandisha vitu vyake juu ya mgunga. Kile kiti cha mbao chenye paa ambacho mwanamke hukalia juu ya ngamia, alichorithi kwa bibi yake. Kinu na mchi. Nguzo za akiba. Gunia la vyombo. Akavifunga kwa kamba za ngozi, akavuta kila fundo kwa meno.

Watu wa nyikani wataelewa. Kwetu, vitu vikiwa mtini mwenyewe yupo. Hata akikaa mwaka, hata akikaa miaka. Mwizi mwenye njaa atalala chini yake na asubuhi atakwenda bila kugusa. Nikiwa mtoto niliona tandiko likining'inia mpaka ngozi yake ikaliwa na jua, na baba yangu alipopita alilisalimia kama anayemsalimia mtu. Kwa hiyo hata mimi, na hofu zangu zote, nilipoona vile vitu vimefungwa moyo ulitulia kidogo. Garmi akapanda lori na mtoto, akaenda.

Mvua ilinyesha kidogo tu. Binti yangu Nejat akashikwa na surua, sikutoka hemani isipokuwa kuchota maji. Siku wakaguzi walipokuja nilikuwa namkanda uso kwa kitambaa, nikasikia gari. Nikatoka. Mkuu wao alikuwa Deddah, kijana wa halmashauri aliyesomea mambo ya miji huko mji mkuu, mpole, mwenye miwani aliyoifuta kila dakika kwa sababu ya vumbi. Alikuwa anauzunguka mgunga kwa furaha.

"Hapa," akawaambia wenzake. "Kivuli kipo tayari. Bomba pale, miti mingine tuizungushe."

"Mwanangu," nikamwita, "hapa pana mtu."

"Yuko wapi, mama?"

Nikamwonyesha juu.

Alitazama kile kiti, akaivua miwani, akaifuta. Alijua. Nilimwona kwamba alijua, kwa sababu uso wake ulibadilika. Kisha akasema, "Mama, kama kila kitu kilichoning'inia kitahesabiwa kuwa mtu, mji hautajengwa. Nimeondoa watu wawili mtaa wa pili leo, walikuwa wameacha nguzo za hema. Nimwache huyu kwa sababu alipanda mtini?"

"Amekwenda kwa mama yake kipofu. Atarudi mwezi huu."

"Wewe ni nani wake?"

"Jirani."

"Jirani hawezi kukaa viwanja viwili."

Nejat akalia ndani. Nikaingia, nikampa maji, nikatoka tena. Deddah alikuwa amewaambia vibarua washushe vitu, nao walikuwa wamesimama mikono nyuma. Mmoja akasema, "Mkubwa, nichimbishe shimo hata mpaka upande wa pili wa dunia. Vitu hivyo siwezi kuvigusa." Mwingine akageuza uso. Mwishowe akapanda dereva, mtu aliyezaliwa katika nyumba ya saruji, akakata kamba kwa kisu. Vitu vilishuka polepole, nakiri kwamba alivishusha kwa heshima. Kinu tu ndicho kilichomponyoka kikapasuka. Nilivibeba vyote mpaka kwangu, na vibarua wakanisaidia, kwa sababu sasa vilikuwa chini.

Bomba lilikuja upesi, kuliko kitu chochote tulichowahi kuahidiwa. Ilikuwapo hesabu ya mabomba iliyotoka serikalini na mafundi walikuwa na haraka ya kwenda mji mwingine. Siku maji yalipotoka wanawake walipiga vigelegele. Hapo kabla tulitembea mpaka kisimani na kurudi jua likiwa limesimama kichwani, na wajawazito walikuwa wakianguka njiani. Sasa nilikuwa natoka hemani na ndoo na kurudi kabla chai haijachemka. Nejat alipona. Niliwaza, angalau maji yamekuja akiwa dhaifu. Kisha nikamkumbuka Garmi, nikaona aibu.

Alirudi na uso uliojaa kidogo, Ethman amekua, na kikapu cha tende kwa ajili yangu. Alishuka kwenye lori akatembea mpaka kwenye uzio. Alisimama pale. Ndani ya uzio kulikuwa na miche imepangwa mistari na wasichana wakipanga foleni ya maji. Mmoja wao akamsalimia kwa furaha, "Shangazi Garmi, umeona? Tumepata bomba."

"Nimeona," Garmi akasema. "Hongereni."

Akaja kwangu, akakaa, akakitazama kile kinu kilichopasuka. Nilimweleza kila kitu. Hakunikatiza, na hilo lilinitisha, kwa sababu Garmi alikuwa mtu wa kukukatiza hata unapomsifu.

"Walivishusha?" aliuliza mwishoni.

"Walivishusha."

"Watoto wa watu waliozaliwa mahemani?"

"Wale walikataa. Alishusha dereva."

Aliitikia kwa kichwa kama aliyepata faraja ndogo.

Halmashauri ilimsikiliza. Siwezi kusema ilimdharau. Mwenyekiti alimkalisha mahali pazuri, akampa chai kabla ya maneno. Garmi akasema, "Sikuacha kiwanja. Nyote hapa mnajua maana ya vitu kuwa mtini. Kama kuna asiyejua, aseme ni mtoto wa nani."

Wazee walitazama mikeka. Mwenyekiti akasema, "Binti yangu, tunajua. Babu yangu aliacha vitu vyake mtini mpaka akafa, na mpaka leo hatuendi kuvichukua. Ila bomba limekwisha kuchimbiwa, mafundi wameondoka na mashine zao. Nikilihamisha, nani atanirudishia mafundi?"

"Sitaki bomba lihame. Nirudishieni upande mmoja. Nitakaa na bomba lenu na miti yenu."

"Bustani ya umma haikaliwi na mtu," Deddah akasema kwa sauti ya chini. "Ukikaa wewe, kesho atakaa mwingine, kesho kutwa hakuna bustani."

Mwenyekiti akatugeukia sisi watu wa mtaa. "Ninyi ndio wenye bomba na bustani. Mkisema akae, atakaa. Semeni."

Nikasema akae. Nilisema kwa sauti. Nikatazama nyuma nikingoja wenzangu. Mwanamke aliyekuwa karibu nami, ambaye hema lake la harusi lilishonwa na Garmi, alikuwa anamfunga mtoto wake nguo iliyokwisha kufungwa. Mzee Yahdih akasema, "Akikaa mmoja bombani, atakuwa mwenye bomba. Tutamwomba maji kama tunavyomwomba mwenye kisima." Hakusema kwa ubaya. Ndivyo ilivyokuwa nyikani, aliyekaa kwenye maji huwa mwenye maji, na walikuwa wameyaomba maji maisha yao yote. Hakuna mwingine aliyesema.

Garmi alipewa kiwanja ng'ambo ya lami, kwenye vilima vya mchanga, mwisho wa mawe yaliyopakwa chokaa.

Wiki ile hema lake, lililochakaa kwa safari, lilipasuka kwa upepo. Wanawake wa mtaa wetu walikwenda kumshonea jipya, wote, kwa kazi ya pamoja tunayoiita twiza, kila mmoja na sindano yake. Wale walionyamaza ndio waliotangulia. Wakapeleka kitambaa, chai, nyama. Garmi alikaa katikati yao akishona.

"Mshono wako umepinda, Mama Toutou," akamwambia mmoja.

"Macho, mwanangu."

"Si macho. Ni mchanga. Huku kwangu mchanga una haki kuliko watu, umefika kabla yangu."

Walicheka sana, wakacheka kupita kiasi, kama watu waliosamehewa. Nilimtazama mikono. Alikuwa anafumua kila alichoshona.

Shule ilifunguliwa upande wetu. Ethman alitakiwa kuvuka lami asubuhi na kuvuka tena mchana, malori yakipita bila kupunguza mwendo. Nilikuwa nasimama nje mpaka nimwone amevuka. Siku moja lori lilipita karibu naye mpaka nguo yake ikapepea, nikakimbilia kwa Garmi nikiwa miguu mitupu.

"Mwache alale kwangu siku za shule," nikamwambia. "Alhamisi, shule ikifungwa, atarudi kwako."

Alitazama kule kwenye lami. Nyuma yake mchanga ulikuwa umepanda mpaka ukingo wa hema. Alikuwa akiukomba kila asubuhi kwa sahani.

"Siku za shule tu," akasema.

"Siku za shule tu."

Ikawa hivyo. Kisha Alhamisi nyingine upepo ukavuma asivuke. Nyingine alikuwa na mchezo wa mpira. Nyingine alikuwa na homa nikamzuia mimi mwenyewe. Garmi alikuwa akija kwenye bomba kuchota maji, akimaliza anapita kwangu, anamkuta mwanawe akisoma na Nejat. Anakaa. Hakuwa tena na maneno mengi. Kazi ya kushona ilipungua, watu walianza kujenga kwa matofali, na wenye kutaka hema hawakupenda kuvuka mchanga. Miche ya bustani ilikufa karibu yote. Mgunga ulibaki, na kivuli chake kilijaa watu wanaongoja maji.

Siku moja alikuja tukiwa tumekaa kula. Ethman alimwona, akainuka akamsalimia vizuri, akamletea mto wa kuegemea na bakuli la maziwa yaliyotiwa maji na sukari, kama tunavyompokea mgeni aliyetoka mbali. Kisha akanigeukia mimi. "Mama, nimpe na tende?"

Niliinamia sinia. Garmi akanywa maziwa yake mpaka chini.

"Mpe," akasema, kana kwamba anamzungumzia mtu mwingine. "Ana njaa."

Mwaka ule mama yake Garmi alifariki huko Tagant, na kaka yake akamwandikia kwamba mitende ya mama haina wa kuihudumia. Garmi akaniambia ataenda na hatarudi. Alitaka kwenda na Ethman. Nilisema ni haki yake, nikaingia ndani nikafungasha nguo za mtoto, nikazifungua, nikazifungasha tena. Ethman wakati huo alikuwa amenipita bega kwa urefu. Mama yake alimuuliza mbele yangu, pale kando ya lami, lori likiwa limewashwa.

"Unakuja?"

"Mtihani ni mwezi ujao," akasema Ethman, akiangalia chini.

"Ndiyo, mtihani," Garmi akajibu upesi, kana kwamba ameogopa asije akasema kingine. "Mtihani kwanza."

Akamshika uso kwa mikono miwili, akampapasa, paji, pua, kidevu. Akanigeukia mimi.

"Salka, huyu anapenda ukoko wa chakula. Hatakuambia. Anaona aibu."

"Ninajua, dada."

"Ndiyo. Unajua."

Akapanda juu ya magunia, akakaa akitazama mbele. Lori likaondoka. Ethman alisimama mpaka vumbi likatulia kwenye lami, kisha akabeba ule mzigo wa nguo zake akanitangulia kurudi nyumbani. Nilipika mapema siku ile. Alikula kimya, nikamkwangulia ukoko nikamwekea pembeni ya sahani. Akaula wote. Kisha akasogeza sahani kwangu bila kuniangalia, nami nikamwongezea.